Kitanzi au Kuchuna? Mwongozo Kamili wa Kuondoa Saratani Changa ya Mfuko wa Chakula kwa Kamera

Ripoti ya kamera imeandikwa hivi: doa lililobonyea kidogo, milimita 18, sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, aina 0-IIc. Kinyama kimerudi kutoka maabara: adenokasinoma, yaani saratani. Kwenye kikao cha familia kila mtu ana lake. Shangazi anataka mzee apasuliwe kesho kabla haijasambaa. Mtoto aliyeko Muscat ameambiwa na daktari wa huko kwamba kitu kama hicho hukatwa kwa kitanzi cha waya, na mzee akalale nyumbani jioni. Daktari mwingine, kwa simu kutoka India, anasema doa lichunwe lote kwa kisu cha umeme. Mzee mwenyewe hana maumivu yoyote na anashangaa zogo la nini.

Mwongozo huu ni wa familia kama hiyo, na wa madaktari vijana na manesi wanaokamatwa koridoni na maswali ya namna hii. Nauandika nikiwa na upande wangu, na niuseme mapema: mimi hupima kila njia kwa kipande kitakachofika mezani kwa mtaalamu wa patholojia, yule anayekisoma kwa darubini. Kikifika kizima, chenye ukingo safi pande zote, ataweza kuandika kwamba saratani imeisha au haijaisha. Kikifika vipande vipande, atakisia, na familia itakaa miaka na kisio hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni changa

Ukuta wa mfuko wa chakula una matabaka. La ndani kabisa ni utando unaotoa asidi na ute, wenye unene wa kama milimita moja. Chini yake kuna tabaka legelege ambamo mishipa ya damu na ya limfu hupita. Kisha kuna misuli, na nje ya misuli ngozi nyembamba inayoangalia tumboni.

Mwaka 1962 wataalamu wa Japani waliamua kuiita saratani ya mfuko wa chakula changa iwapo haijavuka tabaka legelege, hata kama imeshafika kwenye tezi za limfu. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Saratani inaweza kuwa changa kwa jina na bado isiwe ya kutolewa kwa kamera, kwa sababu kamera hufanya kazi ukutani tu. Tezi zilizo nje ya mfuko haizigusi.

Basi ni zipi ambazo hazina kitu kwenye tezi? Daktari Gotoda wa Japani na wenzake walilijibu hilo mwaka 2000 kwa kupitia mafaili ya wagonjwa 5,265 waliokuwa wamekatwa tumbo na kutolewa tezi katika vituo viwili vikubwa vya saratani Tokyo. Watu 1,230 walikuwa na saratani ya aina yenye mpangilio (naieleza hapa chini), iliyo ndani ya utando tu, isiyofika sentimita 3. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na saratani kwenye tezi, awe na kidonda au asiwe nacho. Kundi la watu 929 wenye saratani ya aina hiyohiyo, ya utando tu bila kidonda, ya ukubwa wowote: nao sifuri. Karibu kila kigezo kinachotumika leo kimejengwa juu ya hesabu hizo.

Ripoti yako inapaswa kujibu maswali manne. Kina: iko kwenye utando tu au imeingia tabaka legelege? Ukubwa: milimita ngapi? Kidonda: kuna kidonda au kovu lake ndani ya doa? Aina ya seli: zina mpangilio, yaani bado zinajenga vitezi kama za kawaida, au zimetawanyika, zikiwemo zile zinazoitwa seli za pete?

Zile alama za 0-IIc ni za mkutano wa Paris wa 2002. 0-I ni kilichosimama kama kinundu. 0-IIa kimeinuka kidogo, 0-IIb ni bapa kabisa, 0-IIc kimebonyea. 0-III kimechimbika kama kidonda. Kilichobonyea nakiogopa zaidi kuliko kilichoinuka, hata vikiwa na ukubwa mmoja.

Kina hukadiriwa kwa jicho la mtu aliyezoea: doa huoshwa, hunyunyiziwa rangi ya buluu ya indigo, na kuangaliwa kwa mwanga maalumu na lenzi ya kukuza inayoonyesha mpaka kati ya ngozi mbovu na nzima. Ultrasaundi ya kupitishia ndani husaidia mara nyingine, ila hukosea mara nyingi kiasi kwamba haipaswi kuamua peke yake. CT ya tumbo hupigwa kutafuta iliyosambaa, haioni doa lenyewe.

Ombi moja kwa wanaofanya kamera ya kwanza: doa likikutia shaka, piga picha nyingi na uchukue kinyama kimoja au viwili vilivyolengwa. Ukilidonoa mara kumi, kovu litagandisha utando kwenye misuli, na atakayekuja kuliondoa ataikuta kazi imeshaharibiwa.

Hatua ya 2: Linganisha doa na vigezo

Kwa mwongozo wa Japani, saratani ya utando tu, yenye mpangilio, bila kidonda na isiyozidi sentimita 2, inaweza kutolewa kwa kitanzi au kwa kuchunwa. Ikizidi sentimita 2 bila kidonda, ni ya kuchunwa. Ikiwa na kidonda lakini haizidi sentimita 3, ni ya kuchunwa pia. Aina iliyotawanyika iliachiwa wapasuaji kwa muda mrefu. Sasa ile ya utando tu, isiyo na kidonda na isiyozidi sentimita 2, nayo huchunwa. Nje ya hapo ushauri wa kwanza ni upasuaji, na kamera hubaki kwa mgonjwa ambaye mwili wake hauhimili kupasuliwa.

Ulaya wamekaza zaidi. Tangu mwongozo wake wa 2015, chama cha madaktari wa endoskopia cha huko kinataka madoa mengi ya mfuko wa chakula yachunwe, na kitanzi kiachiwe yaliyoinuka kidogo, yasiyo na dalili za ubaya mkubwa: mwaka 2015 yaliyo chini ya milimita 10 hadi 15, na kwa mwongozo wa 2022 yasiyozidi milimita 10.

Rudi kwa mzee wetu. Milimita 18, bila kidonda, seli zenye mpangilio. Kijapani, kitanzi kinaruhusiwa. Lakini piga hesabu: doa halikatwi kwenye mpaka wake, huachiwa ukingo wa milimita 5 kila upande. 18 na 5 na 5 ni 28. Kitanzi kinachopaswa kushika kipande cha karibu sentimita 3 kwa mkupuo mmoja, kwenye ukuta unaocheza na kila pumzi, kinaombwa muujiza.

Hatua ya 3: Kitanzi kinavyofanya kazi

Madaktari huandika EMR. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto na kupewa dawa ya usingizi mwepesi. Doa huwekewa alama za nukta kuzunguka, kisha maji ya chumvi huchomwa kwa sindano kwenye tabaka legelege ili utando uinuke kama lengelenge. Usipoinuka, simama hapo: ama kuna kovu, ama saratani imeshazama.

Baada ya hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ilichapishwa na Wajapani mwaka 1984: kamera yenye mirija miwili ya kazi, koleo likipita mmoja na kuvuta lengelenge juu, kitanzi kikipita mwingine na kulikaba shingo. Ya pili ililetwa na Haruhiro Inoue mwanzoni mwa miaka ya 1990: kofia ya plastiki angavu ncha ya kamera, kitanzi kikiwa kimetandikwa kwenye mdomo wake, lengelenge hufyonzwa likaingia kofiani, kitanzi kikafungwa. Ya tatu hutumia mipira midogo ileile ya kufungia mishipa ya umio iliyovimba. Kwa madaktari wa Kanda ya Ziwa, ambako kichocho hujaza wodi watu wenye mishipa hiyo, mpira huu si mgeni hata kidogo. Doa hufyonzwa, hufungwa mpira likawa kama uyoga, hukatwa chini.

Umeme hupitishwa, kipande hutoka, shimo hukaguliwa na kuzibwa kwa klipu likitia wasiwasi. Kazi yote ni ya dakika, sio saa. Vifaa ni vichache, na daktari anayekata vinundu vya utumbo mpana kila wiki hatapata shida kujifunza.

Tatizo lake ni upana. Kofia na kitanzi vina kipenyo chake. Doa likizidi, daktari hukata nusu, halafu robo, halafu mabaki, na kwenye mishono kati ya vipande ndipo saratani inapojificha ikarudi.

Hatua ya 4: Kuchuna kunavyofanya kazi

Huku huandikwa ESD, na hapa nitakaa kidogo.

Aliyewahi kumwona mchinjaji akichuna mbuzi ameshaielewa nusu. Hupasua ngozi mguuni, hupuliza hewa kati ya ngozi na nyama hadi mnyama avimbe, halafu kisu hupita kwenye utando mweupe ulio katikati, mkono mmoja ukivuta ngozi. Nyama haiguswi, ngozi haitoboki. Mchunaji wa mfuko wa chakula hufanya vivyo hivyo, ila mkono wake uko mwisho wa mpira wa kama mita moja, na hewa ameibadilisha kwa maji.

Kisu ndicho kilichochelewesha mambo. Ncha kali hutoboa misuli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa kituo cha taifa cha saratani Tokyo walibandika kijidonge cha seramiki kwenye ncha ya kisu, umeme ukawa unakata ubavuni tu na ncha ikateleza bila madhara. Tangu hapo vimekuja visu vingine vingi: vyenye ncha fupi, vyenye ndoano, vinavyotema maji vyenyewe. Aprili 2006 bima ya afya ya Japani ilianza kulipia kazi hii kwa mfuko wa chakula, nayo ikawa ya kila siku.

Mpangilio wake ni huu. Mgonjwa hupewa nusukaputi au usingizi mzito kwa sababu kazi ni ndefu, na mfuko hujazwa kabonidayoksaidi badala ya hewa ya kawaida, kwani mwili huifyonza haraka na tumbo halibaki limevimba. Nukta za umeme huwekwa nje ya doa. Maji huchomwa, chumvi tupu huzama upesi, hivyo wengi hutumia kimiminika kizito zaidi kama asidi ya hayaluroniki, chenye matone ya rangi ya buluu ili tabaka legelege lionekane. Kisu hukata mduara nje ya nukta. Kisha kuchuna kwenyewe huanza, kidogokidogo, daktari akiingiza ncha ya kamera chini ya ngozi iliyofunguka. Kila mshipa unaoonekana huchomwa kabla haujakatwa. Damu ikishamwagika, rangi ya buluu hupotea na daktari hubaki anapapasa.

Mchuna mbuzi ana mkono wa pili wa kuvuta ngozi, mwenye kamera hana. Wajapani walitatua hilo kwa uzi wa kusafishia meno: hufungwa kwenye klipu, klipu hubana ukingo wa doa, uzi hutokea mdomoni na msaidizi huuvuta taratibu. Jaribio lililochapishwa 2018 lilikuta kwamba kwa jumla uzi haukupunguza muda, lakini kwa madoa ya mpindo mkubwa (ukingo mrefu wa nje wa mfuko), sehemu ya juu na ya kati, wastani ulishuka kutoka dakika 104 hadi 57. Uzi wa dukani, jamani.

Mahali doa lilipo hubadili kila kitu. Sehemu ya chini karibu na mlango wa kutokea ni rahisi, na wanaojifunza huanzia hapo baada ya kuzoea matumbo ya nguruwe. Juu, ukuta ni mwembamba, mishipa ni minene, na kamera inabidi ijikunje kujitazama nyuma.

Hatua ya 5: Zipime zote mbili, na zile za kando

Tafiti zikijumlishwa, kuchuna hutoa doa likiwa kipande kimoja kwa kama wagonjwa 92 kati ya 100, kitanzi kwa kama 52. Saratani kurudi palepale ni nadra sana baada ya kuchuna. Upande wa pili wa mizani, kutoboa ukuta ni kwa watu wachache kati ya 100 wanaochunwa, mara kadhaa zaidi ya kitanzi. Tundu likigundulika papo hapo hufungwa kwa klipu na mgonjwa mara nyingi hapasuliwi. Kuvuja damu baadaye huwapata kama 5 kati ya 100, hasa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wanaosafishwa figo.

Kwa hiyo kwa doa la milimita 8 lililoinuka, kitanzi mikononi mwa daktari makini kinatosha, na kumlaza mtu nusukaputi saa mbili kwa hilo naona ni mbwembwe. Kwa la mzee wetu ningetaka kuchuna. Lakini ningeuliza kwanza: wewe mwenyewe umechuna mangapi, na ni mangapi yalitoka kipande kimoja? Inakadiriwa daktari huanza kukaa sawa baada ya kama 30 ya mfuko wa chakula. Asiyependa swali hili ameshakujibu.

Kuna njia ya katikati: mduara hukatwa kwa kisu, sehemu huchunwa, kisha kitanzi humalizia. Huokoa muda kwa madoa ya ukubwa wa kati, ingawa uhakika wa kipande kimoja hupungua.

Vinundu vilivyo chini ya utando ni habari nyingine kabisa. Uvimbe unaoota kwenye misuli, kama ule uitwao GIST, hauondolewi kwa kitanzi. Hapo kuna kuchimba handaki chini ya utando hadi kuufikia, au kamera ya ndani kushirikiana na mpasuaji wa matundu madogo, njia iliyoelezwa na daktari wa Japani aitwaye Hiki na wenzake mwaka 2008. Ripoti ikisema utando wa juu ni mzima na uvimbe uko chini, vigezo vyote vya hatua ya 2 viweke kando.

Hatua ya 6: Kabla ya siku yenyewe

Taja kila dawa, hata ile ya dukani. Aspirini, klopidogreli na warfarini zina kanuni zake, na usiache yoyote kwa uamuzi wako: mwenye kifaa moyoni anayeacha ghafla anaweza kupata kiharusi akikimbia kuvuja damu. Usile kuanzia usiku. Na kama unasafiri, kwenda India au kwingine, usiende na karatasi peke yake. Iombe maabara slaidi na bloku za nta zenye kinyama chako, pamoja na picha za kamera. Mara nyingi msomaji wa pili hubadilisha jibu la wa kwanza.

Hatua ya 7: Siku na wiki zinazofuata

Baada ya kitanzi wengine huondoka siku hiyohiyo. Baada ya kuchunwa, tegemea siku kadhaa za kulazwa. Huanza na maji, kisha uji mwepesi na supu iliyochujwa, kisha wali laini au ndizi zilizopondwa. Pilipili, pombe na kubeba mizigo ni vya kuacha kwa wiki mbili hivi. Dawa ya kupunguza asidi hutumika hadi wiki 8, maana pale pamebaki kidonda kipana, na huwa kinapona vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu makali yanayosambaa tumbo zima na homa: rudi hospitali saa hiyohiyo. Damu nyingi za kuchelewa hutokea siku ya kwanza, ila zinaweza kuja hadi wiki mbili baadaye. Kwa hiyo anayekaa mbali na hospitali apange kulala mjini kwa ndugu kwanza.

Hatua ya 8: Soma jibu la kipande

Kipande kinapotoka hakitupwi chupani kikajikunja kama gome kavu. Hunyooshwa juu ya kipande cha koki, hubanwa kwa pini pembeni, huwekwa kwenye formalini, kisha hukatwa mistari ya milimita 2. Kisipofanyiwa hivyo, mtaalamu wa patholojia hawezi kupima ukingo, na ufundi wote wa kuchuna umekwenda bure. Nimeliona hili kwenye hospitali nisiyoitaja: kazi ya saa mbili, kipande kizuri ajabu, halafu kikasongwa kwenye kichupa cha kinyama.

Kwenye jibu tafuta: kipande kimoja au zaidi, ukingo wa pembeni, ukingo wa chini, kina, na kama saratani imeingia mishipa ya limfu au ya damu. Wajapani huweka daraja za kupona, huziita eCura. eCura A na B ni habari njema. B ni ile yenye mpangilio, isiyozidi sentimita 3, iliyoingia tabaka legelege chini ya nusu milimita. C-1 ni pale kosa pekee ni ukingo wa pembeni au vipande vingi, nayo inaweza kurudiwa kwa kamera au kufuatiliwa. C-2 ni pale tezi zinapoweza kuwa zimeguswa, na upasuaji hushauriwa.

Hata C-2 haimaanishi kukimbilia kisu ukiwa umefumba macho. Kuna alama za kuhesabu: kuingia mishipa ya limfu ni alama 3, kuzidi sentimita 3, ukingo wa chini kuwa na saratani, kuingia mishipa ya damu, na kuzama nusu milimita au zaidi, alama 1 kila moja. Katika utafiti wa Wajapani Hatta na wenzake wa 2017, waliokuwa na alama 0 au 1, asilimia 2.5 walikuwa na saratani kwenye tezi. Alama 2 hadi 4, asilimia 6.7. Alama 5 hadi 7, asilimia 22.7. Kwa mzee wa miaka 84 mwenye moyo dhaifu, asilimia 2.5 na upasuaji mkubwa havipimwi kama vinavyopimwa kwa mama wa miaka 50.

Hatua ya 9: Tumbo lililobaki

Doa limetoka, lakini udongo uliolizaa bado upo. Pima bakteria wa Helicobacter pylori na uwatibu. Katika utafiti wa Korea uliochapishwa 2018, watu 470 waliokuwa wametolewa saratani changa au uvimbe wa hatari kwa kamera waligawanywa: waliopewa dawa za bakteria, asilimia 7.2 walipata saratani mpya. Waliopewa dawa bandia, asilimia 13.4. Kipimo cha pumzi au cha choo hudanganya ukiwa bado unatumia dawa za asidi, kwa hiyo ziachwe wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4.

Kisha kamera kila mwaka, au kila miezi 6 mwanzoni. Aangaliwe mfuko wote, sio kovu tu. Saratani ya pili ikija, mara nyingi huota mahali pengine, na mzee wa milimita 18 akikaguliwa kwa wakati, ya pili inaweza kukutwa ikiwa na milimita 8, nayo hiyo kitanzi kitaiweza.